Fisi Aliyesimama Mlangoni

Moshi,
16 Agosti 1954

Mdogo wangu Salvina,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute hujambo, wewe na shemeji Efraimu, na Elizabeth awe amepona kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Barua yako niliipata. Umesema hutakuja kumwona baba hospitalini, kwamba mtu aliyemwacha ndugu yetu Primus kwenye mafuriko hana haki ya kuagwa. Sikulaumu. Ndivyo mama alivyotulea mpaka anaingia kaburini. Lakini nivumilie, usome mpaka mwisho.

Kazi yangu ya gari la sinema unaijua. Fundi Kuldip anazungusha mkanda, mimi nasimama kando ya shuka na kipaza sauti, nawaeleza watu kwa Kiswahili. Tangu Juni tunaonyesha picha za kuchorwa za fisi mmoja mchechemeaji. Mto umefurika, naye anaingia nyumba hadi nyumba, anatia watoto guniani kwa nguvu, anang'ata wanaokataa, na mbuzi haachi kuiba. Wote anawapandisha kilimani. Nyumba ya mwisho anaipita tu, na mtoto wa humo anabaki.

Watu wanabishana mpaka mate yanakauka. Kibosho kina mama walisema huyo ni mwizi tu, mafuriko yamempa kisingizio. Marangu mzee mmoja akasema mwizi huyo kaokoa watoto sita, sasa wanaomlaani na wema wao wamemwokoa nani. Mimi nilimtangaza mwovu kila tulipokwenda, nikijua vizuri ninamsema nani. Nilipigiwa makofi, nikanogewa.

Wiki ya tatu, kwenye mlango ule wa mwisho, fisi akasimama. Hakuwahi kusimama. Akageuza kichwa upande wangu, si kwa watazamaji, akatulia kama mtu anayeuliza njia. Nikadhani mkanda umekwama, lakini Kuldip akasema mashine inakwenda sawasawa. Kesho yake tuliukagua juani, picha moja moja, na hakuna hata moja ambamo amegeuka. Kuldip unayemjua kwa kucheka alinawa mikono mara mbili.

Tangu hapo husimama kila onyesho, na kila mara anakawia zaidi. Kule Uru bibi mmoja alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mnyama yule anangoja kujibiwa. Salvina, nilizima kipaza sauti kabla mkanda haujaisha.

Najua anachouliza, kwa maana niliulizwa. Mchana ule wa mafuriko maji yalikuwa yamenifika magotini. Baba alikuja amekubeba wewe mgongoni, amelewa mbege, anatukana. Yote aliyokusimulia mama ni kweli. Alikuwa na nafasi ya kubeba mmoja tu zaidi. Akasimama mlangoni akaniuliza Primus yuko wapi. Primus alikuwa mle ndani, upande wa ng'ombe, namsikia analia. Niliona atamchukua yeye aliye mdogo, mimi nibaki. Nikamwambia ametangulia na majirani. Akanibeba mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Baba aliujua ukweli jioni ile ile. Miaka ishirini na minne hajanitaja kwa mama wala kwako. Sijui kama hilo linamfanya mtu mwema. Alikuwa mlevi, alitupiga, hilo siwezi kulifuta. Lakini si yeye aliyemwacha Primus. Nilimwacha mimi.

Juzi tulionyesha hapa mjini. Fisi aliposimama, nilimjibu kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, kwamba mtoto bado yumo ndani. Akageuka, akaingia, wala hakutoka tena. Mkanda uliisha, Kuldip akazima mashine, na ule mlango ulikuwa ungali kwenye shuka.

Daktari anasema baba hafiki Jumapili. Anakutaja wewe, mimi hanitaji. Panda lori la kwanza ukiipata barua hii, mdogo wangu. Ukifika nitatoka wodini, ili usilazimike kukaa chumba kimoja na mimi.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya mjomba wao, kabla hujawaeleza haya.

Wako, kama bado utaniita kaka,
Eliona