Makofi Mawili ya Marumbi

Mpendae, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yametulia na baridi ya Njombe inakuachia walau saa mbili za jua kwa siku. Mahindi mmeshavuna? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuzungusha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekasirika, nami nimeamua kuutua kwenye karatasi, maana kwenye simu hunipi nafasi. Mwaka na nusu sasa, kila nikipiga unampa Upendo. Dada ananiambia, "Mama yuko shambani," na mimi nakusikia ukikohoa pembeni yake.

Basi niache nilalamike. Nisipokulalamikia wewe, nitamlalamikia nani?

Kazi yangu unaijua, ile uliyosema si kazi bali ni kuzurura. Bi Zuhura, mwenye ofisi yetu pale Mji Mkongwe, huwapeleka watembeaji kutoka Nungwi, ncha ya kaskazini, mpaka Makunduchi kule kusini, siku sita kwa miguu. Sharti ni moja tu: hakuna kupanda gari. Akipanda hata mmoja, safari imevunjika. Muda wote huu nimekuwa msaidizi, natembea nyuma na madumu ya maji. Safari hii alinipa niongoze mwenyewe. "Ukinifikishia wote kwa miguu yao, Festo, we kiongozi," alisema. "Ukishindwa, unarudi nyuma na madumu yako." Niliitaka nafasi ile, Mama, na niliitaka hasa ili nipate la kukuandikia.

Walikuwa wanne. Mmoja wao Bi Anna, muuguzi mstaafu wa Arusha, miaka sitini na ushee, aliyeapa kukimaliza kisiwa kwa miguu yake mwenyewe. Siku tatu za mwanzo alitutangulia sote, akituimbia nyimbo za kanisani na kutucheka tukihema.

Siku ya nne tukaamkia mvua pale Uroa. Mimi mtoto wa Njombe, nilidhani mvua naijua. Mvua yetu ina adabu, unavaa sweta unaendelea kupalilia. Hii ya masika ya huku inamwagwa. Tuliisubiri ipungue, haikupungua, na tulipokuja kutoka bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye minazi, hakuna tena ufukwe wa kukanyaga. Ikabidi niwapandishe juu, kwenye njia ya mawe ya matumbawe. Mawe yale yakikauka yanakata, yakilowa yanateleza. Makoti ya mvua yaliingiza maji kabla hata hatujatoka kijijini. Viatu vilikuwa vinalia kwacha kwacha, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuimba.

Mzee mmoja alitupita na baiskeli, mfuko wa plastiki kichwani. Akasimama kabisa.

"Mnakwenda wapi na mvua yote hii?"

"Makunduchi."

"Kwa miguu? Kwani mmefanya kosa gani?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa namtazama Bi Anna, ambaye alishaanza kuuburuza mguu wa kushoto. Nikamuuliza kama amechoka. "Sijachoka, nimelowa," akanijibu, lakini midomo ilikuwa inatetemeka. Nikasema nyumba ya kwanza tutakayoikuta Marumbi, tunaomba hifadhi.

Nyumba tuliipata. Upenuni pamejaa magunia ya mwani, hapana hata pa kusimama, lakini mlango ulikuwa wazi nusu na moshi unatoka jikoni. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili, kwa sauti maana mvua ilikuwa inapiga bati vibaya. Ndani likasikika kofi: pa! Nikabisha ya tatu. Kofi jingine: pa!

Mama, nitakwambia kweli. Nilipoyasikia makofi yale niliikumbuka siku niliyoondoka. Nimesimama mlangoni pa jiko lako na begi, nakuaga, na wewe hukugeuka. Ulichukua mwiko ukaugonga kwenye sufuria, mara mbili, kwa nguvu. Nilielewa kuwa naambiwa nitoke. Na pale Marumbi nikaelewa hivyo hivyo, kwamba kuna mtu ndani anatufukuza kama kuku. Hasira ikanipanda. Hodi zangu tatu zilikuwa zimekwisha, nikawaambia wenzangu, "Twendeni, hapa hatutakiwi."

Hasira hasara, ulinifundisha mwenyewe. Hatukwenda mbali. Jiwe likamponyoka Bi Anna chini ya kiatu, akaanguka, na kabla sijamfikia kifundo cha mguu kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji namfungua kamba za viatu, nikasikia mtu anatuita nyuma. Mwanamke wa makamo anakimbia, kanga mbili zimemgandia mwilini.

"We kaka! Mbona wanikimbia?"

"Si umetufukuza kwa makofi?"

Akashika kiuno. "Nimekufukuza? Nnasali mie, adhuhuri hii! Mwanamke aliyemo kwenye sala hasemi, hupiga kofi, ajue aliye nje kuwa mtu yumo, angoje. Nimetoa salamu natoka mlangoni, nakuta migongo yenu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Adhana sikuisikia kwa ile mvua, na hata ningeisikia, habari ya kofi nisingeijua. Yule mama, Bi Mwanaisha, alimshika Bi Anna upande mmoja nami upande mwingine, tukarudi. Akatupa kanga kavu, chai ya tangawizi na muhogo wa moto. Ndani ya nyumba ile ile niliyoipa mgongo! Kila funda la chai lilikuwa linanisuta.

Gari lilikuja kumchukua Bi Anna kumpeleka hospitali mjini. Alilia, si kwa maumivu. "Siku mbili tu zilibaki, Festo," akaniambia, nami nikamfungia mlango wa gari. Mfupa haujavunjika, tunamshukuru Mungu, lakini safari yake imevunjika na ya kwangu pia.

Bi Zuhura hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mwaka na nusu unakaa na sisi," alisema, "hujui kofi la mwanamke anosali? Hukuuliza?" Nimerudi kwenye madumu. Nimekasirikia mvua, mawe, sharti la Bi Zuhura, watu wote ambao hawakuniambia. Lakini usingizi wangu unakatishwa na kitu kingine, kwamba ningengoja dakika tano tu.

Nisalimie baba mdogo na msumeno wake, na shangazi wa kwaya. Upendo anayekusomea barua hii mwambie asome mpaka mwisho, asiruke hapa.

Mama, ule mwiko. Nimeufikiria tangu Marumbi. Labda nami sikuuelewa, labda ulikuwa na kilio kooni na hukuweza kusema. Jumapili nitapiga simu mkishatoka ibadani. Usimpe dada. Kama kusema bado kunakushinda, gonga sufuria, mara moja tu. Nitajua umo ndani, na safari hii nitangoja.

Mwanao aliyelowa,

Festo