Kopo Lililoanguka Kando ya Stany

Joyeuse mdogo wangu, leo kabla hakujapambazuka binti yangu Rachelle aliosha kopo langu la bati, likagonga beseni. Ni la chai ya baada ya kipimo, maana kule hospitali kila mgonjwa anakuja na chombo chake.



Walituingiza mrija wa kamera mapafuni, mi na Tata Stany, baba mmoja mchimbaji madini wa kule Kasulo. Yeye walimpa dawa ya kulala kabisa. Mi ile nyepesi: unasikia yote, ila mwili haukutii.

Wakatulaza pamoja tupumzike. Nikasikia pumzi yake inapungua, inapungua, ikanyamaza. Joyeuse, ikanyamaza. Nataka kuita, mdomo mzito. Abigaël, muuguzi wetu, yuko mlangoni, ametupa kisogo.

Kidole kimoja kikafika kwenye kopo langu, lililokuwa kando ya mto. Nikalisukuma, likaanguka.

Abigaël akakimbia, akamwinua Stany kidevu. Stany akapumua. Kisha Abigaël akaja kunifuta machozi, kwa kuwa mi sikuweza.

Stany alipoamka akanicheka. “Mama, balikupatia dawa ya bure. Mi nililala kama mutoto.”

Abigaël akamweleza jinsi pumzi yake ilivyokata na kopo langu lilivyomwita. 

Nilipokuwa naondoka Stany akaniita.

“Mama, kesho urudie kuniona. Ukuje na ile kopo.”