Bibi Hakuifunga Mashine

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu moyo umenituma. Aliyenilea hivyo ni Bibi, mama yako mzazi. Ndiye huyo huyo uliyemwita mchawi hapa mwaloni Nkome, mitumbwi inapofikia, mbele ya wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa. Ulisema hadharani, kwa hiyo nami nakujibu hadharani. Nakala moja ya barua hii nimeibandika kwenye mlango wa ofisi ya mwalo. Hii nyingine nimempa dereva anayepeleka dagaa huko machimboni, akusomee mbele ya wenzako kama vumbi la duarani, humo shimoni mnamochimba, limekuziba macho.

Sikuwahi kukudharau kabla ya mwaka huu. Nilipokuwa darasa la tano ulinikalisha nyuma ya mtumbwi, ukanishikisha mkono wa mashine, ukasema, "Nahodha, usiitazame mashine, tazama unakokwenda." Ulinifundisha kufungua plagi, kuisugua kwa brashi na kuipuliza. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu shuleni kwamba hakuna mtu ziwani anayejua mashine kama baba yangu mdogo. Sasa niko kidato cha tatu, na najua ulichokuwa unajua ni kusugua plagi. Basi.

Mashine ilipoanza kuzimika, ilizimikia mahali pamoja: mbele kidogo ya lile jiwe wanaloota jua fisi-maji. Inakohoa mara mbili, inanyamaza. Siku ya tatu nilikuwemo mtumbwini, ilikuwa likizo. Ulivuta kamba mpaka bega likakuuma. Kisha ukafungua kifuniko cha mashine, ukatoa chupa uliyopewa na mganga, ukachanganya mizizi iliyokuwemo na maji ya ziwa kwenye kopo, ukaimwagia mashine yote. Ulimtaja Bibi kwa jina na kwa matusi ambayo siyaandiki. Tukangoja. Ukavuta kamba tena, ikawaka.

"Umeona?" ukaniambia. "Umeona mwenyewe, mwanangu?"

Niliona, na nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu katika mambo haya, nalo sijalisahau.

Wiki ile ile ukapanda juu ya kreti mwaloni ukatangaza kwamba Bibi ameifunga mashine yako ziwani. Ushahidi wako ulikuwa macho yake mekundu. Baba mdogo, macho yale yameharibiwa na moshi wa kubanika samaki, na fedha ya samaki wale ndiyo iliyonunua mashine unayosema kaifunga. Ulikula samaki wale ukiwa mtoto. Ulikuwa ukikaa upande usio na moshi.

Mama alimpakia Bibi kwenye basi la asubuhi aende kwa dada yake, Runzewe, kabla watu hawajaanza kumtazama vibaya zaidi. Hapa kwetu unajua vizuri mtazamo huo unaishia wapi. Ulijua, na bado ulisema. Siku mbili baadaye nawe ukaondoka kwenda kutafuta dhahabu, ukatuachia mashine imelala chini ya turubai.

Shuleni tumefundishwa kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Nikajiuliza: mashine inazimika kwa sababu ya mahali, au kwa sababu ya muda? Mpaka kufika kwenye jiwe huwa imeshachemka. Hakuna aliyewahi kuichemsha ikiwa mahali pengine.

Nikaenda kwa fundi Masanja, anayetengeneza pikipiki na pampu za maji karibu na soko. Tukaifunga mashine kwenye pipa la maji hapa hapa ufukweni, mbali kabisa na jiwe lako, tukaiwasha. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza dagaa akapiga kelele, "Njooni muone! Mtoto wa shule anapima uchawi kwa saa ya mkononi!" Wakacheka wote. Mzee mmoja akaniuliza kama uchawi wa leo ni wa saa nzima au wa nusu saa. Nikamjibu, "Shikamoo babu, ngoja nihesabu."

Iliunguruma karibu muda ule ule wa kwenda kwenye jiwe. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Yule mzee akasogea karibu na pipa.

Masanja akatoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Hakukuwa na cheche. Akachomoa waya wa swichi ya kuzimia, akajaribu tena, hakuna. Akapima koili kwa mita, ni nzima. Kisha akanionyesha kiboksi cheusi kilichofungwa ubavuni, kile kinachopeleka moto kwenye koili, ambacho mafundi wanakiita CDI. Hakikushikika kwa joto. "Kimwagie maji kidogo," akaniambia. Nikakimwagia kikombe kimoja cha maji ya ziwa, bila mizizi wala tusi. Tukangoja kidogo, akavuta kamba, cheche ikaruka ya buluu mpaka yule mama wa dagaa akarudi nyuma.

Dawa yako ilikuwa maji, Baba mdogo. Ulimlipa mtu mbuzi ili akuambie upoze mashine.

Yule mama akasema taratibu, "Kwa hiyo mayu, mama wa watu, tulimfukuza bure." Watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja akikumbuka kazi yake.

CDI mpya ya mashine kuukuu kama yetu inaagizwa kutoka mbali, na bei yake hatuiwezi. Masanja akasema tutafute mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Tuliikuta nyuma ya ghala la mfanyabiashara wa samaki, ya aina ile ile, imepasuka silinda na kuku wanalala juu yake. Nikasafisha kinyesi mgongoni mwa kiboksi, nikalinganisha namba na rangi za waya moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawa. Mwenyewe alituachia kwa madebe mawili ya dagaa. Masanja akakifunga, akakwangua kutu pale waya wa bodi unapogusa chuma, akaiacha mashine iungurume pipani mpaka tukachoka kuisikiliza. Haikuzimika.

Ningeishia hapo, na ningekuita mjinga, na mjinga husamehewa. Lakini Masanja alipokuwa akifuta mikono alisema, "Hiki kitu nilimwambia baba yako mdogo kabla ya Pasaka, kabla hajamtaja bibi yako; pale pipani nilitaka watu wajionee wenyewe. Nilimwambia CDI inachoka ikipata joto, tutafute iliyotumika. Akaniambia mashine yake haivai mtumba."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo ulijua. Ulikosa ya kununulia mpya, ukaona aibu kufunga ya zamani, na kati ya aibu hiyo na mama yako ukachagua kumtupa mama yako. Sijui kama huko chini ya ardhi mnapata dhahabu. Sitaki gramu yako hata moja.

Mashine sasa inavuka jiwe kila asubuhi, Mama ameiajiria wavuvi wawili, na ada yangu inatoka humo. Nilifunga safari kwenda Runzewe kumweleza Bibi yote. Alisikiliza, akanishika kichwa, akanishukuru, "Wabeja, mjukuu wangu." Nikamwambia turudi nyumbani. Akatikisa kichwa. "Wewe umesema juu ya mashine, vizuri. Juu yangu, aliyesema ndiye aseme."

Nimembembeleza, Mama naye amembembeleza. Harudi. Anaota jua kwenye kibaraza cha watu wengine, na kila basi la kutoka kwetu Geita likisimama anainua uso. Hajaniambia anamngoja nani. Nimemwona tu.

Siandiki ili nikupende tena. Naandika kwa sababu bado nadhani unaweza kusimama juu ya kreti kwa mara ya pili, na kudhani hivyo kunaniudhi. Njoo siku ya soko, watu wakiwa wengi kama siku ile. Usilete zawadi, usilete mganga, usieleze habari za joto na waya, hayo nimeshayaeleza mimi. Maneno ya kusema ni machache, nimekuandikia ili usipate shida: "Mama hakufanya kitu. Mimi nilijua."

Usipunguze lile neno la mwisho.

Mimi,
binti wa marehemu kaka yako