Mgonjwa Ana Mdomo Wake

Kwako Dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na wapwa zangu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza kama bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa.

Najua unachotaka kujua kwanza ni presha yake. Imeshuka. Ila kabla ya kushuka ilitupandisha roho, kwa hiyo keti nikueleze.

Kliniki nampeleka mimi. Kwa kuwa nimesoma kila karatasi ya ndani ya maboksi ya dawa zake, majirani wananiita Dokta, na sijawakataza. Tukiingia, daktari anauliza, mimi najibu. Analala? Analala. Anameza dawa? Kila siku. Mama anakaa pembeni kashika mkoba, utadhani yeye ndiye aliyemsindikiza mgonjwa. Daktari anaandika bila kuinua kichwa. Tulielewana sana, sisi wawili.

Lakini miezi minne mfululizo presha ilipanda tu. Dozi ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwezi uliopita daktari akasema figo zimeanza kuchoka, na presha isiposhuka atamlaza.

Hapo nesi aliyekuwa akimpima, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, akaniomba nitoke. Nikamweleza kwamba mimi ndiye msemaji. Akanijibu kuwa mgonjwa ana mdomo wake, ameuona, na hata meno yamo. Nikatoka. Mlango haukufunga vizuri, na mimi sikuwa na shughuli nyingine.

Nesi hakumuuliza habari za dawa. Alimuuliza siku yake inakwendaje tangu anapoamka. Mama akafunguka kama bomba: cherehani, wateja, na choo cha soko kilicho upande wa pili, chenye foleni na mlango usio na komeo. Akasema vile vidonge vinampeleka haja ndogo kila nusu saa, naye hawezi kumwacha mteja kasimama, nguo nusu mwilini, pini zimemzunguka. Kwa hiyo anameza siku za mapumziko tu, na siku ya kliniki, kwa heshima ya daktari.

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwomba radhi kwa kutowahi kumweleza wala kumuuliza. Akambadilishia dawa, akampa isiyomkimbiza chooni, kisha akamtaka aeleze kwa maneno yake atakavyoitumia. Mama akaeleza mpaka daktari akacheka.

Sasa, Dada, lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Mimi nilijua. Muda mrefu kabla ya siku hiyo nilitafuta kifungo kwenye kopo lake la vifungo, nikakuta vidonge vingi kuliko vifungo. Nikafunika. Nikaendelea kumwambia daktari “kila siku”, kwa sababu nilikuahidi kwamba Mama yuko katika mikono salama, nikaona aibu mikono yenyewe ijulikane. Nilikaribia kumuua mama yetu kwa majibu mazuri.

Nimemwambia yeye kwanza. Alishona pindo zima, kisha akasema alijua nimeona. Alikuwa akisubiri nimuulize.

Siku hizi anaingia kwa daktari peke yake. Mimi nakaa kwenye benchi, nasoma matangazo ya chanjo ya watoto. Ukitaka habari zake, usiniulize mimi. Mpigie mwenyewe, na utenge muda, maana hana jibu fupi tena.

Wabusu watoto, mpe shemeji mkono wangu, na unikasirikie kiasi unachoona kinafaa.

Ni mimi,
Mdogo wako