Sifuri Mnayoifuta

Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu,

…na hilo la kwamba ndoa changa humfanya mtu asahau kula, ulilonitania kwenye barua yako, si kweli hata kidogo, maana nimenenepa. Shikamoo kwanza. Miguu imepona? Sisi huku wazima, tena wazima wa kupitiliza. Mdogo wako anaimba akipiga randa, nami nikimsikia nikiwa jikoni nasahau kama chumvi nimeshatia au bado. Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu niitwe mke wa mtu, na bado nikiitwa hivyo nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Sasa nina jambo. Mwalimu mkuu amenipa darasa la tano, somo la hesabu, kwa majaribio. Wanafunzi thelathini na wanane, na mada ni kujumlisha na kutoa desimali. Ijumaa ya tarehe 14 atawapa mtihani yeye mwenyewe. Nusu yao wakifaulu, darasa ni langu. Wasipofaulu, narudi ofisini kugonga mihuri. Wifi, nalitaka darasa hili kama nilivyomtaka mdogo wako, na unajua nilivyomtaka.

Leo nimewaandikia 12.5 kujumlisha 3.25. Wakapanga kama walivyozoea, tarakimu ya mwisho chini ya tarakimu ya mwisho, na jibu likatoka 4.50. Nikawauliza imekuwaje tumeingia na kumi na mbili tukatoka na nne. Msichana mmoja mrefu, nimempa jina la Wakili kwa sababu hashindwi kujitetea, akajibu kwamba nyingine zimedondoka njiani.

Wewe umefundisha miaka ishirini na mbili. Nifanyeje?

Akupendaye,
Wifi yako mpya


Jumamosi, 8 Juni

Wifi,

Marahaba. Miguu inanibeba, na kikohozi kimeniacha kikatafute mwingine. Nafurahi umenenepa, ila mwachie na mdogo wangu kidogo sahanini.

Dawa ni moja, nami natembea nayo tangu nianze kazi: nukta chini ya nukta. Waimbishe mpaka waiote. Usiwaeleze sana, maelezo mengi huwachanganya. Ukikwama niandikie mimi. Mumeo usimuulize. Namjua tangu anatambaa: mikono yake ina akili, lakini kwenye hesabu alikuwa mzito kama gogo. Nilikuwa nikimwita hivyo hivyo, Gogo, naye anacheka.

Mimi,
Wifi yako mkubwa


Jumanne, 11 Juni

Wifi yangu wa thamani,

Shikamoo. Natumaini kikohozi hakijapotea njia kikarudi kwako. Barua yako ilifika jana asubuhi nikaingia nayo darasani moja kwa moja. Tuliimba nukta chini ya nukta mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kufunga dirisha. Kujumlisha wakaweza wote. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi.

Leo tukaingia kwenye kutoa. Niliwapa 3.4 kutoa 0.85. Wifi, nukta zilinyooka kama vifungo vya shati, na karibu darasa zima likaniletea 2.65. Wakili akasimama kueleza kwa niaba ya wenzake. Tano ya mwisho, akasema, juu yake hakuna mtu, hivyo hakuna wa kugombana naye, inashuka chini salama. "Mwalimu, hiyo tano haijamkosea mtu." Nilicheka mpaka nikakaa juu ya meza, kisha nikakumbuka zimebaki siku tatu, kicheko kikakata.

Nikatoka shule nikapitia karakana. Nisamehe, sikwenda kumuuliza kitu, nilikwenda kumwangalia tu. Alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na sijui kwa nini vumbi lile kwa wengine ni uchafu na kwake ni pambo. Aliponiona uso akauliza nani kanikosea. Nikamwambia ni 3.4 kutoa 0.85.

Hakuacha hata kupiga msasa. Akasema mbili na hamsini na tano.

Nikamuuliza amejuaje. Akavuta tepu yake ya kupimia, akailaza juu ya ubao mrefu, akaweka kidole penye mita tatu nukta nne, akarudi nyuma sentimita themanini na tano, kidole kikasimama pale pale alipopataja. Nikamweleza habari ya ile tano isiyo na mtu juu yake. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mlango umepachikwa hewani.

"Mke wangu, hapa ni mita tatu na arobaini," akasema. "Tatu, nne, sifuri. Sifuri ipo. Nyinyi walimu ndio mnaifuta."

Nilimbusu mbele ya mteja wa kabati. Kesho naingia darasani na tepu.

Wako,
Mke wa fundi


Ijumaa, 14 Juni

Wifi yangu,

Shikamoo, na nisamehe siwezi kungoja jibu lako, nitapasuka. Uko salama? Sema uko salama, kisha kaa chini.

Jumatano tulinyoosha tepu kwenye sakafu ya darasa. Nikamtuma Wakili asimame penye 3.4. Akainama, akasoma namba kwa sauti: mia tatu na arobaini. Akasoma tena polepole. Akainuka akasema kumbe kiti kilikuwepo, hakikukaliwa tu. Basi wakairudisha sifuri kwenye kiti chake, na ile tano ikapata mtu juu yake. Sifuri haina cha kutoa, inakopa kwa jirani yake nne, inakuwa kumi, tano inatoka, inabaki tano. Jibu 2.55, meza hadi meza.

Leo mtihani. Mwalimu mkuu ameandika maswali kumi ubaoni, na swali la nane lilikuwa 7 kutoa 2.36. Wifi, saba tupu, haina hata nukta. Sikuwafundisha hilo. Nilisimama nyuma ya darasa nimeshika ukuta. Nikamwona Wakili anaandika saba, penseli ikaning'inia. Kisha akatia nukta. Kisha sifuri. Kisha sifuri ya pili. Nikatazama dawati la jirani, na la jirani yake, sifuri zinaota kama majani baada ya mvua.

Wamefaulu thelathini na mmoja. Darasa ni langu.

Mdogo wako alifunga karakana mapema, nikamkuta langoni na vumbi lake. Njiani nikamuuliza kwa nini hajawahi kumwambia mtu kwamba anajua hesabu. Akasema aliambiwa hajui alipokuwa darasa la tano, na aliyemwambia alikuwa mwalimu, hivyo aliamini. Nilimbana amtaje, akabadilisha maneno akaanza kuimba. Ningemjua mwalimu huyo ningemwandikia barua yake peke yake.

Wako mwenye furaha isiyo na kifuniko,
Mwalimu wa darasa la tano


Jumamosi, 22 Juni

Wifi yangu, mwalimu mwenzangu,

Mko wazima? Mimi mwili wangu mzima. Barua zako mbili nimezisoma hadi mikunjo imechanika, na kimya changu hakikuwa ugonjwa.

Barua ya yule mwalimu umeshaiandika. Ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfundisha mdogo wangu, dawati la mbele. Alileta jibu sahihi lisilo na njia. Nikamuuliza amenakili kwa nani. Akasema, "Nimepima kichwani, dada." Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu haipimwi, inaandikwa, nikalikata jibu lake kwa wino mwekundu. Nyumbani nikaendelea na jina la Gogo. Nilidhani kile kilikuwa kicheko.

Jumatatu niliazima tepu kwa fundi cherehani jirani yangu nikaingia nayo darasani. Kipindi kimoja kilifanya kazi niliyokuwa naiimbisha muhula mzima. Wanafunzi walishangilia, wifi, nami nikashangilia nao, kisha nikaenda kukaa ofisini na chaki mkononi. Hongera. Darasa umelipata kwa haki, na mume umempata mzuri kuliko nilivyomjua mimi niliyemlea.

Usimsomee barua hii. Mwambie tu dada yake anakuja. Ninalotaka kumwambia nimelijaribu kwenye karatasi tatu, likagoma. Tunafunga shule tarehe 28. Tarehe 29 napanda basi la asubuhi, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama mbele yake karakanani, nimwambie kwa mdomo ule ule.

Dada yake, na wifi yako