Mbegu za Maboga za Wifi

Shoga, mzee wangu leo kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Unaikumbuka ile mashine yake ya jikoni, inayooka, inayokaanga, inayokausha, iliyobaki kufua nguo tu? Wifi kamletea mbegu za maboga azikaushe, maana mvua haikatiki. Mbegu za marehemu mama yao, za mwisho kabisa.

Akazipanga kwenye trei kwa madaha, akaweka moto wa kukaushia nyama. Wa nyama, shoga.

Nyumba nzima ikanukia. Mwenyewe anatafuna huku anajisifu, "Unasikia utaalamu huo?"

Wifi kaingia, kachukua moja, kaivunja kwa kucha.

"Kaka, hizi umezikausha au umezikaanga?"

"Zimekauka vizuri, dada. Onja."

"Mbegu ya kupanda inaonjwa?"

Hapo ndipo alipoelewa. Punje iko mdomoni, hajui ameze au ateme.

Wifi hakugomba, heri angegomba. Kakaa kitini, kasema polepole, "Basi mama tumemzika leo."

Kaondoka. Mpaka sasa mzee yuko jikoni anazichambua moja moja, anatafuta iliyonusurika. Nami sina moyo wa kumwambia aache.