Mjukuu Wangu Anasema Ameshiba

Mshauri, kama umenizidi umri, shikamoo, na kama hujanizidi basi niamkie wewe, maana mimi nina miaka sitini na saba na nimezaa saba, wote nimewakuza kwa mikono hii na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa kukosa chakula. Naanza na hilo ili ujue unazungumza na nani. Barua hii naiandika mwenyewe, herufi nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaro, ukikuta mistari imepinda usicheke, soma maneno. Naomba msaada, na kuomba sijakuzoea.

Nina mjukuu, anaitwa Mwanaheri, ana miaka miwili na miezi minane. Mama yake ni Zakia, binti yangu wa mwisho, anapika kwenye bweni la shule huko Lindi mjini, anasonga ugali wa watoto wa watu mia mbili na wake kaniachia mimi hapa Kinjumbi tangu alipomwachisha ziwa. Simlaumu kwa hilo, na baba wa mtoto sina habari zake na sizitaki. Basi mtoto huyu hali. Ukimwekea ugali anautazama, ukimwekea wali anautazama, ukimuuliza anasema, "Nimeshiba." Ameshiba nini, hajala! Asubuhi kanywa chai na biskuti, mchana nimeshiba, jioni nimeshiba, mikono imekuwa kama njiti, na kila anayepita ananitazama mimi.

Nisikie vizuri, chakula kwangu kipo. Shamba ninalo, lina muhogo, mbaazi, kunde na ufuta, minazi ninayo, kuku wangu wanataga, na samaki hapa kwetu wanaletwa mpaka mlangoni. Uji namkorogea mwenyewe, unga wa muhogo mweupe niliouchekecha mara mbili, si uji wa mabonge kama wa wengine. Samaki namtilia mchuzi wake juu ya ugali kila siku, nofu simpi kwa sababu nofu kwa mtoto mdogo huleta minyoo, na yai simpi kwa sababu mtoto akizoea yai anakuwa mwizi, na hayo sikuyaanzisha mimi, nimeyakuta. Akikataa uji namlaza mapajani, namziba pua kidogo, namnywesha kwa kiganja, hivyohivyo tulivyonyweshwa sisi na tukakua. Anapiga kelele utadhani anachinjwa. Siku hizi akikiona tu kile kikombe cha bluu anakimbilia uvunguni.

Sasa lililonifanya nishike kalamu.

Jirani yangu ni Salome, mke wa fundi Alfonsi, walihamia hapa kutoka bara miaka mitatu iliyopita. Huyu Salome kazi yake kupakua chakula kwenye sinia nje ya mlango wake na kuita watoto wote, wa kwake, wa mwenziwe, hata asiyemjua mama yake. Mwanaheri alipojua kutembea tu, huko ndiko anakokwenda. Siku moja tumepanga foleni bombani, wanawake wote wapo, Salome akaniambia huku anacheka, "Bibi, Mwanaheri jana kanimalizia mbaazi zote! Huyu mtoto anakula jamani, utadhani hajaona chakula wiki nzima." Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliokota ndoo yangu nikarudi nyumbani bila maji.

Tangu siku hiyo nikamfundisha adabu. Kwetu mtoto aliyelelewa hapokei chakula kwenye nyumba za watu, akikaribishwa anasema "nimeshiba, ahsante," hata kama tumbo linanguruma. Mama yangu alitufundisha hivyo mwaka ule wa njaa tuliokula ming'oko, mizizi ya porini, kuanzia kiangazi mpaka mvua, tulikuwa tunapita mbele ya milango ya watu tunanusa moshi, tukiitwa tunasema tumeshiba, na hakuna aliyewahi kusema watoto wa nyumba ile wana njaa. Basi na mimi nikamchukua Mwanaheri nikampitisha nyumba hii na nyumba ile. Akinyoosha mkono kwenye chakula namfinya paja, akisema nimeshiba nampakata nambusu. Mtoto ana akili, siku nne tu ameshajua. Watu wakawa wanasema, "Mtoto mdogo hivi, ana adabu!" Kusema kweli nilijisikia. Neno bibi mpaka leo linamshinda, ananiita "bii," lakini "nimeshiba" anaitamka nzima kama mtu mzima.

Sikukuu ya Idi Zakia akaja. Kaja na kuku wake, kamkaanga mwenyewe, kapika na pilau, akamkalisha mwanawe mkekani, akamtengea paja la kuku. "Kula, mama." Mwanaheri akaweka mikono nyuma. Akalitazama lile paja, mate nimeyaona kwa macho yangu yakishuka kidevuni, akasema, "Nimeshiba, ahsante." Zakia akadhani mtoto anadeka, akamsogezea mpaka mdomoni. Mwanaheri akaliziba paja lake mwenyewe kwa viganja viwili akaanza kulia.

Zakia akamfunua gauni akaona alama.

"Mama, hii nini?"

"Adabu."

"Adabu ya kukataa chakula? Mimi napakulia watoto wa watu mia mbili, wa kwangu anaogopa paja la kuku?"

Nikamwambia usinipandishie sauti, na wewe nilikulea hivyohivyo. Akasema, "Najua. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kula watu wakinitazama."

Kesho yake tukaenda kliniki. Nesi akamzungushia mtoto mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia lishe, ukaishia kwenye njano. Akaniuliza, "Anakula samaki?" Nikajibu, "Kila siku." Akaandika kwenye kadi. Akasema tumrudishe baada ya mwezi, na kama utepe utaingia kwenye nyekundu mtoto atalazwa. Zakia akanigeukia palepale mbele ya nesi, mbele ya wanawake waliopakata watoto wao, akasema, "Mama, siku ya kurudi nakuja mwenyewe. Kama hajaongezeka namchukua, na hutamwona tena mpaka ajue kusema njaa." Akapanda basi akarudi kazini kwake. Simu yangu hapokei. Zimebaki wiki tatu.

Ninachotaka kwako ni vitu viwili. Unitajie dawa ya kumfungua mtoto hamu ya kula, halafu umwandikie Zakia hapohapo gazetini, asome kila mtu, kwamba mama yake hakumnyima mtoto chakula. Sijamnyima mtu chakula tangu nizaliwe. Nilimpa heshima. Na kama huna jibu la maana, usinijibu.

Bibi yake Mwanaheri,
Kinjumbi, Kilwa.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mama. Umenizidi miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nakuamkia kwanza kabisa, maana nikishaanza kusema hutapenda.

Dawa ya hamu ya kula sikutajii, kwa sababu hamu anayo. Mate umeyaona mwenyewe, ukayaandika kwa mkono wako. Mtoto anayetokwa na mate mbele ya paja la kuku, kisha akaficha mikono, huyo ana njaa na ana woga, na woga umeshinda. Nje unamfinya akila. Ndani unamziba pua asipokula. Mtoto wa miaka miwili atajuaje kizingiti chako kinaanzia wapi? Ametafuta jambo moja lililo salama pande zote, nalo ni kuweka mikono nyuma. Hata mimi ningeweka.

Zakia naye siwezi kumwandikia unayoyataka, kwa sababu si kweli. Chakula umemnyima. Kipo shambani, kipo kwenye kiota cha kuku, kipo sufuriani mwako kinachemka, na mtoto anapata maji yake. Nesi alikuuliza kama anakula samaki ukamjibu kila siku. Mama, mchuzi si samaki. Mchuzi ni maji ambayo samaki kapita. Sasa kadi ya mtoto ina uongo, na nesi wa watu ataanza kutafuta ugonjwa ambao haupo wakati nofu iko kwenye sahani yako. Nofu haileti minyoo, minyoo inaletwa na mikono isiyonawa na vyoo visivyofunikwa. Na yai halijamfanya mtu kuwa mwizi. Mimi nimelelewa kwa mayai, njoo unipekue.

Umeanza barua yako kwa kunihesabia watoto saba. Zakia ndiye wa saba. Amekwambia mpaka leo hawezi kula akitazamwa, ukayaandika maneno hayo kisha ukayaruka kama dimbwi. Rudi uyasome. Hiyo ndiyo barua yenyewe, hayo mengine yote umeyaweka ya kuifunika.

Pole kwa mwaka wa ming'oko. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Mama yako alikuwa na sufuria tupu na watoto wanaonusa moshi wa wenzao, akawapa neno la kufunika aibu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuwapa. Simlaumu hata kidogo. Lakini wewe una mbaazi, una nazi, una kuku. Unafunika nini? Umemrithisha mjukuu njaa ambayo haikuwa yake. Na Salome pale bombani, najua alikuchoma, maneno ya bombani hayana pa kujificha. Ila nisomee tena alichokisema. Alisema mtoto anakula. Alikuwa anafurahi, mama. Ni wewe uliyesikia ming'oko.

Sasa fanya hivi, na uanze leo, usisubiri ndugu wakushauri vingine. Kile kikombe cha bluu kitoe nyumbani. Usimlaze mtoto mapajani tena na kumziba pua, uji ukipita njia ya pumzi utamzika huyo unayetaka kumnenepesha. Chai na biskuti za asubuhi acha, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, likishajaa chai halina nafasi tena. Uji wa muhogo mtupu ni mweupe, ni laini, na haumjengi mtoto. Kaanga ufuta wako kidogo, utwange mpaka ulainike, utie humo pamoja na tui zito. Samaki mchambue miiba kwa vidole vyako, ponda nofu na ugali. Yai mpe, la kuiva vizuri. Mbaazi za nazi anazipenda, tumeshaambiwa. Papai nalo mpe. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwenye sahani yake mwenyewe, na mwache ajilishe hata akijipaka mpaka masikioni. Wewe kaa ule naye, usimkodolee macho mdomoni. Akila matonge mawili ni mawili. Akiacha, toa sahani bila neno, baadaye umletee tena. Na usimuulize kama ameshiba. Neno hilo kwako lipumzike.

Kliniki usingoje mwezi uishe. Nenda wiki hii, umwambie nesi, "Nilikosea, ni mchuzi." Hayo ni maneno matatu tu. Na ukiona miguu inavimba, au amelegea, au anaharisha, nenda siku hiyohiyo.

Zakia mwandikie wewe, si mimi. Kalamu unayo, na umenionyesha kwamba unaijua. Usimweleze heshima. Mwandikie kwamba alama zile ulizitia wewe na hutazitia tena. Kama atamchukua mwanawe baada ya hapo, ana haki, na utanyamaza.

Limebaki moja, nalo halina unga wala ufuta. Mchana sinia la Salome likishatoka nje, mshike Mwanaheri mkono mwende. Usibebe kisingizio, usiseme umekuja kuazima ungo. Kaa chini kati ya watoto. Salome atakukaribisha. Nyoosha mkono, mama, ule. Ule mbele ya Salome, mbele ya wanaopita njiani, mbele ya huyo mtoto, aone mkono wa bibi yake umekwenda kwenye chakula cha watu, umerudi mdomoni, na hakuna aliyefinywa. Usimwambie kula. Siku ya kwanza ataweka mikono nyuma, na ya pili labda. Nenda na ya tatu. Jeraha ulilomtia kwa siku nne halitapona kwa siku nne.

Na Salome atakuuliza, "Bibi, nikuongeze?" Lile jibu ulilofundishwa na mama yako litakujia mdomoni lenyewe, na Mwanaheri atakuwa ametega sikio. Sema, "Niongeze."